Pikapu Ilivyotoka Kiwandani kwenye Njia za Nyatike, Lambwe na Gwasi

Lami ya barabara ya A1 inashuka kutoka Kisii, inapita Rongo, Awendo na Migori, na kuishia mpakani Isebania. Nyingine inatoka Rongo hadi mjini Homa Bay na kuendelea mpaka Mbita. Miaka ya karibuni lami imeongezeka, lakini ukiacha barabara kubwa ukaelekea Nyatike ya ndani, milima ya Gwasi, bonde la Lambwe au vijiji vya Kuria, bado utakutana na marram, udongo mtupu na mawe. Huko ndiko pikapu inakofanyia kazi: inabeba magunia ya omena kutoka Sori na Muhuru, saruji ya madarasa, chanjo za zahanati, mbegu, na wakati mwingine mgonjwa ambaye hakuna gari jingine la kumfuata.

Pikapu hizo kwa sehemu kubwa ni Toyota Hilux na Isuzu D-Max zilizo vilevile zilivyouzwa. Hazikuinuliwa, hazina winchi, na tairi zake ni za kiwandani. Watu wengi huambiwa kwamba gari la namna hiyo haliwezi njia ngumu mpaka litiwe vifaa vya laki kadhaa. Sikubaliani na hilo. Kuinua gari hupandisha uzito wake juu, na kwenye ubavu wa mlima kitu hicho ni hatari kuliko faida. Tairi ambazo hazijaisha, beleshi, kamba ya maana na dereva anayejua kusoma udongo na saa vitakufikisha karibu kila mahali panapofikika katika kaunti hizi mbili, Migori na Homa Bay. Pasipofikika leo, hata gari la gharama halifai kupajaribu.

Udongo kwanza

Adui mkubwa hapa ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Umetanda Lambwe, sehemu kubwa ya Nyatike, na tambarare za Karachuonyo kuelekea Ziwa Victoria. Chembe zake hunyonya maji zikavimba, na zikikauka hunywea na kupasuka. Kiangazi unapita juu yake kwa raha, ila uwe macho na nyufa na mashimo yaliyofunikwa na nyasi. Mvua ikinyesha dakika chache tu, uso wake unateleza. Ikinyesha usiku kucha, chini kunakuwa laini kiasi kwamba gari linakalia tumbo.

Tatizo halianzii kwenye injini. Udongo huu unajaza mistari ya tairi mpaka tairi inakuwa laini kama haikuwahi kuwa na meno. Kisha unajipakia ndani ya madigadi, unabana gurudumu, na dereva anashangaa kwa nini gari limekosa nguvu. Ukihisi gari linazidi kuwa zito, simama mahali pagumu, toa tope kwa fimbo au panga, ndipo uendelee. Kukanyaga mafuta zaidi hakusaidii chochote.

Kabla ya kuingia penye shaka, shuka. Kanyaga kwa kisigino kwa uzito wako wote, halafu choma kwa fimbo. Fimbo ikigota pagumu chini ya kina cha kiganja, panapitika. Ikiendelea kuzama, na tope likinyanyuka pamoja na kiatu, tafuta njia nyingine au subiri jua. Usidanganywe na ganda la juu lililokauka na kubadilika rangi, kwa sababu siku moja ya jua hukausha uso na kuacha uji chini yake.

Milima ya Kuria na upande wa Rongo una shida yake tofauti. Udongo mwekundu wa kule una sehemu ngumu chini, lakini ukilowa uso unakuwa utelezi, na barabara yenyewe imejengwa ikiinama kila upande ili maji yaende mtaroni. Gari nalo hufuata maji. Kaa katikati kabisa ya barabara, mwendo wa pole, na kama unapishana na mwingine, mmoja asimame kabisa ampishe mwenzake. Awendo, Rongo na Ndhiwa ongeza trekta za miwa, ambazo huacha mifereji mirefu ya magurudumu. Kama mfereji ni wa kina kuliko nafasi iliyo chini ya difu yako, usiufuate: weka magurudumu ya upande mmoja kwenye tuta la katikati na ya upande mwingine kwenye ukingo wa nje.

Mvua za masika hapa ni kati ya Machi na Mei, na za vuli huanza Oktoba mpaka Desemba. Ila ukanda wa ziwa una tabia yake, na mvua ya radi inaweza kuja mwezi wowote. Nchi kavu mvua hiyo mara nyingi hushuka alasiri, baada ya joto la mchana kupanda na upepo wa ziwa kuingia bara. Kwa hiyo ratiba nzuri ni ya alfajiri: ondoka saa kumi na mbili, maliza sehemu mbaya kabla ya saa nane, na kama kazi imechelewa, lala hukohuko. Watu wengi waliokwama Lambwe walikwama wakirudi, kwenye njia waliyoipita asubuhi bila taabu.

Namna ya kuuliza njia

Ukimwuliza mtu kando ya barabara kama njia ni nzuri, atakujibu ni nzuri. Atasema hivyo kwa ukarimu, na kwa sababu yeye hupita kwa miguu. Msalimie kwanza, halafu uliza mambo yanayojibika: "Mzee, leo gari gani limepita hapa? Lilirudi? Jana maji yalifika wapi?" Bodaboda ndio wajuzi wakubwa wa njia, lakini pikipiki hupita kwenye upana wa futi moja. Waulize habari za pikapu au lori. Wakisema trekta imepita, usifurahi haraka, maana huenda hiyo trekta ndiyo iliyoiharibu.

Kuna mahali kuuliza si suala la adabu tu. Nyatike, kuanzia Macalder na maeneo ya Osiri, watu wamechimba dhahabu kwa muda mrefu, na mashimo yako mengi, mengine yameachwa wazi na kuota nyasi. Ukiona tope mbele usikate kona porini kulikwepa bila mtu wa hapo kutangulia kwa miguu. Hali ni hiyohiyo kwa anayekwenda kuona kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018: ukiwa huko, usiiache njia.

Gia, upepo na mzigo

Pikapu nyingi zenye kuvuta magurudumu yote manne zina chaguo tatu, zilizoandikwa 2H, 4H na 4L. Hiyo 2H ni ya lami na marram kavu. 4H ni ya utelezi, tope jepesi na mchanga. Iingize kabla ya kufika mahali pabaya, si baada ya kukwama. Usiiache kwenye lami kavu, kwani magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawa kwenye kona na mitambo ya kati hujipinda na kuumia. 4L ni ya kupanda na kushuka kwa kutambaa, kujitoa tope zito, na kuvuka mawe. Kuiingiza, simamisha gari na uweke gia huru. Pikapu za zamani zina habu za mbele zinazofungwa kwa mkono. Kuna madereva wanaosukuma wenzo wa ndani wakasahau kushuka kuzifunga, wakabaki na magurudumu mawili bila kujua.

Hata hivyo magurudumu manne hayana maana unayodhani. Difu ya kawaida hupeleka nguvu pale penye wepesi, kwa hiyo gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakikosa mguso, yatazunguka bure na gari litasimama. Kama lako lina kitufe cha kufunga difu ya nyuma, kitumie kwa mwendo mdogo, ukienda moja kwa moja, na ukizime mara utokapo. Kama halina, chagua mstari unaoweka magurudumu yote chini. Wenye pikapu ya magurudumu mawili wasikate tamaa: kiangazi inafika Karungu na Magunga vizuri tu. Msimu wa mvua iache kituoni.

Pikapu tupu ni nyepesi nyuma, na ndiyo maana mkia wake huteleza. Mizigo ya kilo mia moja au mia mbili juu ya ekseli ya nyuma, iliyofungwa isitembee, huipa mguso. Mzigo mkubwa uliorundikwa mwishoni kabisa hufanya kinyume: unainua pua, usukani unakuwa mwepesi na gari halikati kona. Magunia ya omena ni marefu na mepesi, hivyo watu huyapanga hadi juu ya kabini. Barabarani Migori haidhuru sana, lakini kwenye barabara iliyoinama kando gari zima hutaka kulala. Yapange chini na mbele, hata kama itabidi kurudi mara ya pili.

Kuhusu upepo wa tairi, kibao kilichobandikwa kwenye mlango wa dereva ndicho cha kufuata kwenye lami. Kwenye mchanga wa ufuoni au wa kingo za Kuja, kushusha hadi kama paundi 20 kunapanua tairi na kuizuia isizame. Kwenye mawe usishushe kiasi hicho, maana ubavu wa tairi ya kiwandani ni mwembamba na jiwe la Gwasi huukata mara moja. Na usishushe kabisa kama huna pampu ya kurudishia, kwa sababu tairi laini kwa mwendo wa kasi hupata moto na kupasuka.

Kupanda na kushuka Gwasi

Uso wa ziwa uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Gwasi kinapita mita 2,000. Ni mabaki ya volkano ya kale ya Kisingiri, na njia zake zina mawe ya volkano yaliyolegea, makorongo yaliyochimbwa na mvua, na kona zisizoonyesha anayekuja. Ukuta wa Kanyamwa, kati ya Ndhiwa na Lambwe, una hali ya kufanana.

Kabla ya mpando, simama, utazame mpaka juu, uchague mstari na gia moja itakayokutosha. Kwa 4L, gia ya kwanza au ya pili, panda kwa mwendo usiobadilika. Jiwe lililo kubwa kuliko nafasi ya chini ya difu lipitie kwa tairi, usilipitishe katikati. Ikitokea gari limeshindwa njiani, usigeuze. Gari lililokingama kwenye mteremko ndilo linalopinduka. Kanyaga breki, tia gia ya nyuma, rudi moja kwa moja chini kwa nguvu ya injini huku tanboi akikuelekeza akiwa pembeni, kamwe si nyuma ya gari.

Kushuka ni kugumu kuliko kupanda, na wengi huharakisha hapo. Gia ya kwanza ya 4L, mguu mbali na klachi, breki kwa kugusa tu. Kuteremka kwa gia huru ili kuokoa mafuta kumewaua watu. Magurudumu yakianza kuteleza yakiwa yamefungwa, achia breki kidogo ili yazunguke upate usukani tena.

Maji

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asome polepole, kwa sababu tope litakupotezea siku moja, lakini maji yatakupotezea maisha.

Mto Kuja, unaoitwa pia Gucha, huanzia nyanda za juu za Kisii na Nyamira. Unapokea Mto Migori, kisha unaingia ziwani kupitia tambarare ya Nyatike, ambayo hufurika mara kwa mara. Matokeo yake ni kwamba unaweza kusimama ukingoni Nyatike chini ya jua kali, bila wingu, wakati mvua ya jana jioni kule Kisii ndiyo inayokujia. Maji yakibadilika kuwa mekundu, yakianza kubeba majani na vijiti, au kelele yake ikiongezeka, ondoka ukingoni. Kabla ya safari, fuata utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa na upige simu kwa mtu wa juu ya mto kuuliza kulinyesha vipi.

Vitabu vya pikapu mpya hutaja kina cha sentimita 60 hadi 80 ambacho gari linaweza kuvuka. Kipimo hicho ni cha maji yaliyotulia. Maji yanayokwenda kasi ni jambo jingine: sentimita 30 zinatosha kuyainua magari mengi madogo, na 60 husomba magari mengi, pikapu zikiwemo. Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya na watu wengine waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na Mto Enziu karibu na Mwingi, kaunti ya Kitui, na zaidi ya watu 30 wakafa. Basi ni zito mara kadhaa kuliko Hilux yako.

Kwa hiyo kama mto unakwenda kasi, au huoni kingo za drifti, usivuke. Kaa. Mafuriko ya vijito vya hapa mara nyingi hushuka baada ya saa chache. Niliwahi kumtazama dereva wa pikapu ya omena kwenye drifti moja ya Nyatike: alichomeka kijiti kwenye ukingo wa maji, akakaa chini ya mti na wenzake, na kila baada ya muda akaenda kukitazama. Maji yalipokiacha kijiti mbali na kingo za zege kuonekana, wakavuka. Nyuma yake kulikuwa na mtu aliyekuwa akipiga honi.

Maji yakiwa yametulia na ya kina kidogo, mtu hupaswa kuvuka kwa miguu kwanza akiwa na fimbo, lakini si kila mahali. Karibu na mdomo wa Kuja na kwenye ghuba za ziwa kuna mamba na viboko, kwa hiyo usiingie majini bila mtu wa hapo kukuambia ni salama. Acha gari lipoe dakika chache kabla ya kuingia, kwani difu yenye moto ikizama ghafla hunyonya maji ndani. Fungua mikanda na vioo. Ingia kwa 4L gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea, bila kubadilisha gia katikati. Ukiingia kwa kasi, maji hurukia feni na bomba la hewa. Injini ikizimika majini, usiiwashe tena: maji yaliyoingia kwenye silinda hayabanwi, na ukilazimisha utapinda konrodi. Vuta gari nje, kisha umwite fundi. Ukitoka salama upande wa pili, kanyaga breki mara kadhaa taratibu mpaka zikauke.

Umekwama

Gari lisipoenda mbele tena, ondoa mguu kwenye mafuta papo hapo. Kila mzunguko wa bure unachimba shimo. Jaribu kurudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe, huku ukikata usukani kidogo kushoto na kulia ili mabega ya tairi yashike. Ikishindikana, toka na beleshi. Chimba mbele ya kila gurudumu mpaka upate mteremko wa kupanda, kisha uondoe udongo chini ya difu, kwani mara nyingi hapo ndipo gari limekalia. Pandisha gurudumu kwa jeki juu ya ubao mpana, maana jeki peke yake itazama, na ujaze mawe chini yake.

Watu hukimbilia kuvunja matawi, na hapa kuna onyo la pekee. Nyua nyingi za maboma huku ni za mnyaa, ambao Waluo huuita ojuok. Utomvu wake mweupe huunguza ngozi na unaweza kulipofua jicho. Ukiuweka chini ya tairi linalozunguka, unawarushia usoni wale wanaokusukuma. Isitoshe, ni ua wa mtu. Tumia mawe, nyasi kavu, mazulia ya gari au magunia matupu.

Kamba ya kuvuta uifunge kwenye kitanzi cha kuvutia kilichoshikana na chesi. Usiifunge kwenye bampa wala kwenye mpira wa kukokotea trela, kwa kuwa vikingʼoka hurushwa kwa nguvu ya kuua. Weka nguo nzito au gunia lenye udongo katikati ya kamba ili ikikatika ianguke chini, na watu wote wasimame mbali kuliko urefu wake. Vuta polepole. Vijana watakuja kusaidia. Patana nao bei kabla ya kazi kuanza, uwalipe bila kuzungushana, na uwapange wasukume kutoka pembeni, si mbele ya magurudumu.

Lambwe ina jambo lake zaidi. Ni nyumbani kwa hifadhi ya Ruma, kilomita za mraba 120 za nyasi ambamo wanaishi swala korongo, wasioonekana kwingine nchini Kenya. Ni pia bonde la mbung'o, ambao hufuata vitu vyeusi vinavyotembea, gari likiwemo. Kama unabadilisha tairi huko, vaa mikono mirefu ya rangi hafifu, na funga milango. Ndani ya hifadhi usishuke kabla ya kuwapigia askari wa wanyamapori (KWS), kwani kuna nyati na chui. Namba yao iombe langoni unapoingia. Kwa Muhuru na vijiji vya mpakani, simu yako inaweza kushika mtandao wa Tanzania, kwa hiyo mwachie mtu nyumbani jina la njia na saa ya kurudi badala ya kutegemea kupiga.

Ukirudi, usiliache gari na tope lake. Osha chini, ndani ya madigadi na mbele ya rejeta, kwani udongo mweusi ukikauka huko hushika maji na kulisha kutu. Angalia tairi ubavuni, kagua mipira ya ekseli, pigapiga filta ya hewa. Kama ulivuka maji ya kufika kwenye habu, mwambie fundi afungue kizibo cha difu achungulie mafuta: yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na yabadilishwe siku hiyohiyo kabla gari halijatoka tena.